Zoezi la Benchi Ambalo Sikulifanya

Misunkumilo, Mpanda
Jumanne, alasiri

Minza mwanangu,

Maji ya kunywa uchemshe, hela usiweke zote mfuko mmoja, na ukiwa ndani ya treni usipokee soda kwa mtu usiyemjua. Hayo baba yako amekwisha kukuambia mara nne tangu Jumapili, na kesho stesheni atakuambia mara ya tano, kwa hiyo mimi siyarudii. Nimekaa ofisini chuoni, kwenye meza ile yenye mguu uliofungwa waya, kwa sababu nyumbani mizigo yako imejaa mpaka mlangoni na nikiiona nashindwa kuandika. Wewe umekwenda Kakese kumuaga bibi. Utarudi magharibi umeshiba maziwa, na hutataka kusoma kitu. Barua hii nitaitia ndani ya faili la muhtasari wako, maana najua ndilo utakalolifungua treni ikishaondoka.

Nilitaka kukuambia kwa mdomo, baba yako akanikataza. Alikuwa anaziba pancha ya baiskeli ya mteja, hata hakuinua kichwa. Alisema nikuandikie, kwa sababu kwa mdomo nitaanza na kuomba msamaha, nitamaliza na kukugombeza. Miaka ishirini na mitano ya ndoa, mtu huyo ananijua.

Basi niseme. Nilikuonea wivu. Siyo ule wivu wa kusema jamani umependeza, na mimi nataka kitambaa kama hicho. Nasema wivu wenyewe, wa kumtazama mtu anakula ukatamani tonge limkwame. Mtoto wangu wa kumzaa. Na wivu huo haukuishia moyoni, uliandika barua. Jumamosi ulisimama mbele za watu ukanishukuru kwa barua ambayo hujaisoma. Mimi niliyeiandika najua kilichomo.

Nianzie mbali kidogo. Sitaki unihurumie, nataka uelewe.

Unaujua ule muhtasari wangu wa kozi ya ufugaji nyuki, na unajua nilivyoupenda. Niliuandika wewe ukiwa darasa la tatu. Wiki kumi na mbili za masomo, niliupiga chapa mwenyewe kwenye stensili, kidole kimoja kimoja, siku tatu nzima. Wiki ya kwanza: Nyuki ni nini? Wiki ya pili: Sehemu za mwili wa nyuki. Yote niliyatoa kwenye daftari langu la mafunzo ya usichanani, na aliyenifundisha naye nadhani aliyatoa kwenye daftari lake. Sisi ni watu wa ng'ombe, Minza. Babu yako alipohamia Kakese alikuja na mifugo yake na mbwa wawili, na nyuki tulikuwa tunawakimbia. Nilichokijua juu ya nyuki kilikuwa chote ndani ya daftari lile.

Na mbele yangu wakakaa Wakonongo na Wabende, watu wazima waliotundika mizinga tangu hawajaota ndevu, nikawaambia wachore miguu ya nyuki. Wakachora, maskini. Mzee Mlela alikuwa anakaribia miaka sitini, kalamu ameishika kama mpini wa jembe, ulimi nje kama mtoto wa chekechea. Nikampa sita kwa kumi. Mguu mmoja aliusahau.

Mtihani niliuweka Juni, kwa sababu shule zote hufanya mtihani Juni. Sasa wewe mtoto wa hapa unajua Juni kuna nini. Asali ya miyombo imeiva, na mwenye mzinga hayupo mjini, yuko porini anarina. Kati ya watu ishirini na wawili walikuja watatu, na mmoja wao alikuwa amevunjika mguu. Nikawasimamia hao watatu kwa saa mbili nimenuna. Halafu nikaandika kwenye ripoti kwamba mwamko wa wananchi bado ni mdogo. Mwaka uliofuata nikaandika hivyo hivyo. Kuanzia mwaka wa tatu nilikuwa sifikiri tena, nilikuwa nanakili tu ripoti ya mwaka uliopita. Mzee Mlela, kwa kuwa mtihani hakuufanya, nilimrudisha darasa. Miaka mitatu mzee wa watu amechora miguu ya nyuki.

Kuna pia habari ya Tabora, ambayo nyie nyumbani mnaijua kwa uongo wangu. Mwaka ule niliposhona gauni la bluu nikapanda treni, walikuwa wanatafuta mtu wa kutengeneza kozi za watu wazima kwa kanda nzima, na mimi niliitwa nikauonyeshe muhtasari wangu. Nilirudi baada ya siku nne nikawaambia kazi wamepeana kwa kujuana. Baba yako alinihurumia mpaka akanichinjia kuku. Hakukuwa na kujuana kokote. Walikaa watu watatu, na mmoja wao, mama mwenye miwani, aliufunua muhtasari wangu ukurasa kwa ukurasa, halafu akaniuliza swali moja: "Wanakisomo wenyewe walisema wanataka nini?"

Nikamjibu kwamba wangekuwa wanajua wanachotaka wasingekuja kusoma. Nilijiona nimejibu kwa akili. Yule mama akaufunga muhtasari taratibu, akanishukuru, akaniuliza kama safari ilikuwa nzuri. Njia nzima ya kurudi nilikuwa namtukana kimoyomoyo. Kuku wa baba yako nilimla, nikanyonya na mifupa.

Sasa ukaja wewe. Umemaliza kidato cha sita, upo upo tu nyumbani, nikakuombea kwa mkuu wa chuo uwe mwalimu wa muda. Hilo ni kweli, nilikuombea. Nilitaka mtu wa kunifutia ubao. Muhula mzima ukakaa nyuma ya darasa kimya. Baadaye ukachukua baiskeli ya baba yako, ukaanza kuzunguka na daftari, mara Kakese, mara Kabungu, mara huku huku Misunkumilo. Mimi nikadhani kuna kijana. Nikawa nachungulia hata ulivyosuka nywele. Kumbe unapita nyumba kwa nyumba unauliza watu wanalima lini, wanarina lini, miezi gani mikono yao ina nafasi, na kitu gani kwenye nyuki kimewashinda.

Ukarudi na karatasi kubwa ya manila. Umechora mwaka kama duara, masika upande huu, kiangazi upande huu, na masomo umeyapanga pale ambapo watu wapo nyumbani. Kwenye Juni uliandika: darasa liko porini, mwalimu atawafuata. Nilisoma mstari huo mara mbili. Miaka kumi na miwili nawasubiri watu hao waje kwangu wakati wa kurina, na haikunijia hata siku moja kwamba mimi nina miguu. Unakumbuka nilikuambia nini? Nilikuambia mwandiko wako mbaya.

Kisha ukawaleta kinamama. Hapo ndipo ulipogusa kidonda chenyewe. Wanaume wanarina, sawa, lakini asali ikishafika nyumbani nani anaichuja? Nani anachemsha nta, nani anapika wanzuki, ile pombe ya asali, na kuiuza? Wewe uliuliza swali hilo. Mimi ni mwanamke, na katika miaka kumi na miwili daftari langu la mahudhurio halikuwahi kuwa na jina la mwanamke hata mmoja. Mama Siwema wa hapa jirani, anayetuuzia nta ya kushonea viatu, hakuwahi kunipita akilini. Siku walipoingia kumi na mmoja kwa mpigo, na vitenge vyao na watoto mgongoni, nilitoka nje nikajifanya natafuta chaki.

Na lile zoezi lako la benchi. Sikukuambia nilivyolichukia. Siku ya kwanza hakuna ubao, hakuna daftari, kuna benchi moja tu mbele ya darasa. Kila mtu, mwanafunzi na mwalimu, anakaa mwanzo wa benchi, anasema kosa moja alilolifanya katika kazi yake, akimaliza anasogea mwisho wa benchi kumpisha mwenzake. Hakuna maksi. Ulisema mtu mzima haji darasani mikono mitupu, na cha kwanza anachokuja nacho ni makosa yake. Nilikuambia hayo ni mambo ya kanisani.

Mzee Mlela akakaa. Akavua kofia, akaishika magotini. Maneno yake nayakumbuka yote.

"Mzinga wa kaka yangu niliurina mimi. Nikavunja matawi, nikakwangua gome la mti, nikasema asali imeliwa na nyegere. Kaka alitega mitego ya nyegere msimu mzima. Amekufa anamchukia nyegere."

Watu walitaka kucheka, wakashindwa. Ukamuuliza kwa sauti ndogo ni kwa nini alifanya vile. Akasema mizinga ya kaka yake ilikuwa inajaa, yake haijai, na pori ni moja. Akapangusa macho kwa kofia, akasogea mwisho wa benchi, na Mama Siwema akakaa mahali pake akaanza kusema la kwake, kama vile ndivyo watu walivyozoea kuishi.

Ungedhani nilimhurumia yule mzee. Hata kidogo. Wivu ulinishika mpaka masikio yakapata moto. Mtu nimemfundisha miaka mitatu, hakuwahi kuniambia hata pori alilotundika mizinga yake, na wewe mtoto wa juzi anakupa kitu alichomficha marehemu kaka yake. Zamu ikafika kwangu, ukanitazama. Nikasema mimi ni mwalimu, nyie endeleeni. Hukunilazimisha, ukaita mtu mwingine kwa adabu kabisa, na hata hiyo adabu yako iliniudhi.

Wiki ile ile mkuu wa chuo akaniita. Kule Tabora wanatafuta tena mtu wa kutengeneza kozi za watu wazima, yeye amependa muhtasari wako na anataka kuupeleka, na kwa kuwa mimi ndiye kiongozi wa idara, niandike maoni yangu kwa siri. Niliandika siku hiyo hiyo. Jioni nikakuambia jikoni kwamba nimekuandikia vizuri, ukanikumbatia na mikono yako ina unga wa ugali. Gauni langu lile lenye unga nililifua mwenyewe.

Nakala yake ya kaboni nimeibana nyuma ya barua hii. Utaisoma, lakini sitaki nijifiche nyuma yake nikuache uitafute mwenyewe, kwa hiyo nakuandikia hapa nilichosema: "Ana bidii, ila hajakomaa. Muhtasari wake haufuati utaratibu, na unawapa wanakisomo nafasi kubwa mno. Nashauri abaki chini ya uangalizi wangu kwa miaka mitatu. Iwapo nafasi hiyo itahitaji kujazwa mapema, mimi mwenyewe nipo tayari."

Soma sentensi ya mwisho tena. Sikutaka tu usiende. Nilitaka niende mimi.

Kwa hiyo mlango ule uliousema Jumamosi haukufunguliwa na mama yako, mwanangu. Mimi niliuegemea kwa ndani. Watu wa Tabora walikuja kwa sababu walisoma muhtasari wako na hawakuniamini. Unakumbuka siku ile ya Landrova, wageni wawili wakakaa nyuma ya darasa, mmoja mama mzee mwenye miwani? Ndiye yule yule. Nywele zimekuwa nyeupe, na mimi hakunikumbuka. Alikuuliza lile lile swali, wanakisomo wenyewe walisema wanataka nini. Wewe hukumjibu, uligeuka tu ukawatazama, wakamjibu wenyewe, mmoja anamdakia mwenzake, na Mama Siwema akasimama kabisa akawa anahesabu kwa vidole. Yule mama akacheka, akavua miwani akaifuta. Miaka yote nilikuwa najiambia hakuna jibu la swali lile. Kumbe lilikuwa limekaa mbele yangu kwenye madawati, linachora miguu ya nyuki.

Kazi wakakupa wewe. Ndipo Jumamosi, kwenye chai ya kukuaga, ukasimama ukasema, "Mama ndiye aliyenifungulia mlango." Ukanifunga kitenge kiunoni, wanawake wakapiga vigelegele. Mkuu wa chuo, ambaye barua ile ameisoma, alikuwa anatazama ndani ya kikombe chake kama kuna kitu kimezama. Nikacheza na nyie. Nilicheza kweli, viatu nikavua. Usiku kitenge nilikikunja nikakitia chini kabisa ya sanduku.

Mwanzoni nilitaka kukuambia kwa sababu ya woga tu. Faili lako liko Tabora, barua yangu imo, siku moja karani atakuonyesha. Hata hilo nakuambia lilivyo. Lakini jana Mzee Mlela alipita hapa ofisini kuacha kibuyu cha asali, akasema ni ya safari yako. Nikamuuliza, tangu aseme ile habari ya kaka yake, amepata nafuu gani. Akasema mzinga haurudi na kaka harudi, "ila nimeacha kumsingizia mnyama."

Alipoondoka nilikaa nikawahesabu wanyama wangu. Mwamko mdogo wa wananchi. Kujuana kwa Tabora. Hajakomaa. Wote hao walikuwa nyegere wa kusingiziwa, na mwenye kuvunja matawi nilikuwa mimi.

Usidhani nimepona. Nakuandikia hapa na bado wivu unanichoma. Wiki yako ya tano siipendi, nta umeipa siku moja, Mama Siwema peke yake anahitaji siku tatu, na nilifurahi kuona umekosea mahali. Asubuhi ulipokuwa unapiga pasi lile gauni lako nilitaka kukuambia kola imekaa vibaya. Haikukaa vibaya. Nadhani mtu akishafikisha umri wangu wivu haumtoki wote, anachoweza ni kuunyima kalamu tu.

Na wewe siku yako itafika. Atakuja kijana, labda wewe mwenyewe ndiye utakayemwombea kazi, atakaa nyuma ya darasa lako kimya, halafu atakuletea karatasi ambayo ulipaswa kuiandika wewe. Hapo hutakumbuka mafunzo yoyote. Utatafuta kosa kwenye mwandiko wake. Ukijikuta unatazama mwandiko, mwanangu, weka karatasi chini, nenda kachote hata maji, urudi baadaye. Mimi sikwenda kuchota maji.

Kule utakutana na wenye vyeti vikubwa kuliko vyangu watakaokuambia watu wazima hawajui wanachotaka. Usibishane nao sana, na usiwadharau. Mara nyingi mtu anayesema hivyo aliulizwa swali zamani akakosa jibu. Watengee nafasi kwenye benchi tu, hata kama watakataa kukaa. Wewe ulinitengea mimi, na miezi minne nafasi hiyo imenisubiri.

Msimu ujao darasa narudishiwa mimi. Muhtasari wangu nimempa baba yako afungie spea. Nitafundisha wa kwako, na siku ya kwanza nitakaa mwanzo wa benchi kabla ya mtu yeyote, niwaambie haya haya niliyokuandikia. Wiki ya tano nitaibadilisha, uchukie usichukie.

Kesho stesheni utakuwa hujasoma. Utanikumbatia kama mtu ambaye mama yake alimfungulia mlango, na mimi nitapokea, nikijua kwamba huenda ni mara ya mwisho kunikumbatia hivyo. Kitenge nitakivaa. Ukishasoma, ukitaka kukasirika, kasirika mpaka uridhike, safari ni ndefu na asali ya mzee ipo kwenye kapu. Ukitaka kukaa mwaka bila kuniandikia, nitauhesabu huo mwaka wala sitakulalamikia kwa bibi yako. Baba yako mwandikie, hana kosa, ila ukweli wa yule kuku bado sijamwambia.

Hilo ndilo zoezi langu la siku ya kwanza, mwalimu. Nimelichelewesha, na najua halina maksi. Nimemaliza kusema. Nimesogea mwisho wa benchi, mahali ni pako.

Kaa, mwanangu.

Mama